Kano ya kisigino inauma na kazi ni ya kusimama kutwa: nilivyoendelea kufanya kazi

Mkuu, umesema daktari amekuambia upumzishe mguu wiki 6, na kazi yako ya ghalani haina hiyo nafasi. Mimi ni mpakiaji wa malori, na kano ya Achilles, ile nene inayopanda nyuma ya kifundo, ilinitesa mguu wa kulia muda mrefu. Kulala tu hakutakuponya. Maumivu yatapungua, ndiyo, ila kano isiyobeba kitu hudhoofika, na siku utakayorudi kwenye mzigo uleule yataanza upya. Punguza mzigo, usiuondoe wote.

Ila kwanza jua ni kano ipi. Kama maumivu yapo upande wa ndani, nyuma ya lile fundo la mfupa na kushuka kuelekea upinde wa unyayo, hiyo si Achilles, na usiichezee. Ikichoka sana upinde hushuka na unyayo ukabaki bapa. Simama kwa mguu huo mmoja, jaribu kuinua kisigino. Ukishindwa, muone daktari wa mifupa kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo.

Kipimo changu kilikuwa asubuhi. Kazini kano ikishapata joto hunyamaza, unajiona umepona. Zile hatua za kwanza ukitoka kitandani ndizo zinazosema ukweli. Wataalamu wa fiziotherapia hutumia kipimo cha 0 hadi 10: maumivu yasiyozidi 5 wakati wa kazi au mazoezi yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi hali isiwe mbaya kuliko kawaida. Ikiwa mbaya, rudi nyuma utafute jana ulifanya nini.

Nilipofuatilia hivyo niligundua kuwa maboksi hayakuwa na kosa. Shida ilikuwa kuruka kutoka kwenye bodi ya lori, maana ukitua kano hupokea nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa, tena ghafla. Nikaanza kushuka kinyumenyume nimeshikilia, kama mzee. Wenzangu walicheka, wakazoea. Ya pili ilikuwa kusukuma toroli kupandisha mwinuko, kwa sababu kifundo kinakunjwa hadi mwisho huku unasukuma kwa vidole. Hapo nikabadilishana na mwenzangu, yeye anasukuma, mimi napanga.

Ukienda kwa msimamizi usiombe "kazi nyepesi". Hiyo wanaisikia kila siku na jibu wanalo. Taja kitu kimoja au viwili na muda wake: naomba mwezi huu nisipandishe toroli, nisipande ngazi. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa.

Mazoezi sasa. Yanayojulikana zaidi ni ya Alfredson, daktari wa mifupa wa Sweden, ya mwaka 1998: unasimama ukingoni mwa kidato cha ngazi, unashusha kisigino polepole, mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka, kisha seti nyingine 3 goti likiwa limekunjwa, mara 2 kwa siku, wiki 12. Yanafanya kazi, lakini kwa mtu aliyesimama kutwa naona ni mengi mno. Mimi nilifuata njia ya uzito mkubwa na mwendo wa taratibu: siku 3 kwa wiki, sekunde 3 kupanda, sekunde 3 kushuka, begi la mgongoni nikiliongezea uzito kidogo kidogo. Asubuhi ikiwa mbaya, naacha hayo, nainua visigino na kubaki hapohapo sekunde 45, nirudie mara 5 kabla ya zamu.

Angalizo: kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya usawa wa kidato. Fanyia sakafuni. Na usivute misuli ya nyuma ya mguu kwa kujinyoosha, inazidi kuibana kano mfupani. Kipande kidogo cha kuinua kisigino ndani ya buti husaidia hapo, weka miguu yote miwili. Angalia pia kama ukingo wa nyuma wa buti haukandamizi palepale.

Dawa za maumivu kabla ya zamu sizipendi, zinakuzibia kile kipimo. Sindano ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, ikichomwa karibu na Achilles inaweza kuchangia kano kukatika. Na ukiandikiwa antibaiotiki kama ciprofloxacin au levofloxacin kwa ugonjwa mwingine wowote, mwambie daktari una tatizo la kano, kwa sababu dawa hizo zinajulikana kuidhuru.

Ukisikia mlio nyuma ya mguu, ukahisi kama umepigwa teke na hakuna mtu nyuma yako, hospitali siku hiyohiyo.

Muda? Hesabu miezi. Halafu tuambie, panapouma ni mfupani kabisa au juu kidogo, kama vidole vitatu kutoka kisigino? Ukijibu hilo nitakuambia uanze na zoezi lipi.