Moyo mkunjufu: neno lililotoka kwenye kukunja

Mwaka jana binamu yangu aliniomba nimsomee barua yake ya kuomba kazi. Nikamjibu "Haya, lete" macho yakiwa kwenye simu. Niliisoma yote, nikasahihisha hata nukta. Barua ya pili akampelekea mtu mwingine. Nilipomuuliza, alicheka: "Kaka, ulinisaidia umekunja uso kama vile nimekuja kukudai."

Hilo la kukunja lilinikaa kichwani. Tunakunja nguo, mkeka, ngumi. Mwishoni weka -ua, ileile inayogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua, unapata kunjua. Kunjua ikazaa kunjuka, na kunjuka ikatupa mkunjufu, kama changamka ilivyotupa mchangamfu. Basi aliyekubali jambo kwa moyo mkunjufu, moyo wake hauna mikunjo. Waitalia wao walirithi alacer ya Kilatini, yaani mchangamfu, ikawa allegro, neno wanalolijua wanamuziki kwa mapigo ya kasi. Sisi tukaenda kwenye nguo! Mimi naona tumepatia zaidi.

Wengi hulichanganya na bashasha. Hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, nalo hukaa usoni: unaweza kumpokea mgeni kwa bashasha huku moyoni unahesabu saa. Neno "tayari" nalo halifiki kwenye mkunjufu. Anayesubiri kung'olewa jino yuko tayari, lakini mkunjufu?

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiitwa, weka chini ulichoshika kabla hujajibu, ugeuke mwili mzima. Kisha uliza jambo moja la kazi yenyewe, mfano "Unaihitaji lini?" Swali hilo limenifaa kuliko tabasamu, maana mwombaji anataka kujua kama kweli umeingia kwenye shida yake au unamvumilia tu.

Na kama huwezi, kataa mapema. Niliwahi kukubali kumhamishia rafiki vyombo vyake nikiwa nimechoka hoi. Nikavunja kioo cha kabati, halafu (aibu yangu hii) nikamnunia yeye mwenye kabati wiki nzima.

Mwezi uliopita binamu alirudi na barua nyingine. Nikalaza simu kifudifudi. Akaketi, akanitazama kwanza kwenye paji la uso, ndipo akatoa karatasi.