Uliza Mjomba wa Vitabu: Nianze na mchekeshaji gani?

Toleo lililopita nilidokeza tu mwishoni kwamba vitabu vya wachekeshaji wanaosimulia maisha yao vinaninogea kuliko vya marais wastaafu. Basi meseji zikaingia, za Makorora, za Pangani, mpaka za Korogwe huko, wengine wanauliza kwa dhati wengine wananitania tu. Nimechagua hizi maana zinajibika.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi kijana wa Makorora, klipu za stendapu naangalia mpaka bando linakata. Nikasema ngoja nisome kitabu cha mchekeshaji mmoja wa Marekani, mshkaji wangu alikuwa nacho kwenye simu, kurasa chache tu nikachoka, hakichekeshi hata kidogo. Tatizo mimi au kitabu? Na Kiingereza changu ni kile cha kidato cha nne, usije ukanipa kitabu cha maprofesa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tatizo ni kitabu. Viko vingi vya hivyo, jamaa anapata ustaa, wachapishaji wanamfuata na hela, anachukua vichekesho vyake vya jukwaani anavimwaga kwenye karatasi, sasa kichekesho bila sauti na bila ile kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho kinabaki maneno tu. Kipimo changu mimi ni kimoja, naangalia jamaa anasimulia kwa kirefu habari za kabla hajajulikana au anakimbilia kwenye ustaa. Akikimbilia, nafunga.

Wewe anza na Trevor Noah, Born a Crime, kilitoka 2016. Kiingereza chake chepesi, anaongea kama mtu aliyekaa barazani na wewe. Trevor kazaliwa Johannesburg 1984, mama Mxhosa, baba Mzungu wa Uswisi, na kipindi hicho Afrika Kusini mweusi na mzungu kulala pamoja ni kosa la jinai, sheria ipo tangu 1927, kwahiyo mtoto mwenyewe ndo ushahidi wa kosa. Sasa angalia anavyoisimulia. Wako bustanini, baba anatembea mbali nao kidogo ili watu wasishtuke, mtoto anamuona anaanza kumkimbilia anaita baba, baba! Watu wanageuka, baba wa watu anatimua mbio, na mtoto anazidi kumfukuza anadhani wanacheza. Unacheka, halafu unajikuta umenyamaza.

Kuna ile ya daladala pia. Mama yake mtu wa kanisa, Jumapili makanisa matatu, la mchanganyiko, la wazungu, la weusi, hata gari likiharibika lazima waende. Siku hiyo wako kwenye kipanya usiku, dereva Mzulu anaanza kumtukana mama na kumtishia kwa sababu ni mwanamke wa Kixhosa, gari halisimami, mama anafungua mlango anamsukuma mtoto nje gari likitembea halafu na yeye anaruka na kichanga mkononi. Wakishapona wako pale barabarani wamechubuka wanabishana kama Yesu ndo kawaokoa au Yesu ndo kawaambia wabaki nyumbani, na mtoto anashauri wiki ijayo Yesu aje yeye kwao.

Na sisi wa Tanga kile kipande cha lugha kitatuingia. Kuna vijana wanamfuata nyuma wanapanga kwa Kizulu wamkabe, anageuka anawajibu kwa Kizulu hicho hicho twendeni basi tukamkabe mtu pamoja, wakaishia kumwomba radhi. Mtu aliyekulia na Wadigo, Wabondei na Wasambaa mtaa mmoja anaelewa hiyo bila maelezo.

Ukishindwa kusoma kabisa, sikiliza, kipo cha sauti na anakisoma mwenyewe Trevor, lafudhi zote anazitoa.

SWALI: Mjomba za kwako. Binti yangu yuko kidato cha pili, hapa Pangani, anapenda kusoma lakini hivi vitabu vya wachekeshaji nasikia vimejaa matusi. Nimpe au nisimpe?

JIBU: Salama dada. Inategemea cha nani. Hicho cha Trevor nilichomwambia huyo kijana kina toleo la watoto wakubwa wakubwa, lilitoka 2019, jina linaanza It's Trevor Noah halafu ndo Born a Crime, wamepunguza maneno makali lakini habari zenyewe wameziacha. Mpe hilo. Soma na wewe mwishoni pale, baba wa kambo anampiga mama risasi, hiyo 2009, imeingia kisogoni ikatokea usoni karibu na pua, na mama akapona, na yuko kitandani hospitali anamwambia mwanae usilie, angalia upande mzuri wa jambo, sasa hivi wewe ndo mzuri kuliko wote kwenye familia. Binti wa miaka kumi na nne anaweza kuuliza maswali baada ya hapo, na ni maswali ambayo afadhali akuulize wewe.

Cha Tiffany Haddish, The Last Black Unicorn cha 2017, mwache akue kwanza. Kina mambo ya chumbani mengi. Ila we mwenyewe soma dada, baba yake Mwueritrea aliyewaacha, mama akapata ajali ya gari akaumia ubongo, watoto wakapelekwa kulelewa na serikali, mpaka ikafika afisa ustawi wa jamii anamwambia binti chagua, uende kwa mtaalamu wa akili au uende kambi ya vijana ya kufundishwa kuchekesha pale Laugh Factory, Los Angeles. Akachagua kuchekesha. Amelala mpaka kwenye gari kabla mambo hayajakaa sawa.

SWALI: Mambo vipi Mjomba, mi ni emsii, nafanya harusi hapa Ngamiani na kitchen pati, na nimeanza kupanda jukwaani kuchekesha. Sitaki hadithi za utoto wa mtu, nataka kitabu cha kazi. Kipo?

JIBU: Kipo na ni chembamba. Steve Martin, Born Standing Up, 2007. Huyu bwana watu wanamjua kwenye sinema, lakini kabla ya hapo alikuwa anajaza viwanja kama mwanamuziki, na 1981 akaacha stendapu. Kitabu karibu chote ni habari ya kazi hiyo, anasema miaka kumi ya kujifunza, minne ya kuchonga, minne ya kuwaka moto. Soma hiyo hesabu tena bwana emsii, we una miezi mingapi?

Ameanza na miaka kumi, anauza vitabu vya mwongozo pale Disneyland, akahamia kwenye duka la mazingaombwe, hapo ndo kajifunza kwamba mkono ukikosea watu wanacheka zaidi. Halafu linakuja wazo lake kubwa ambalo mi naona kila emsii wa Tanga alipaswa kulijua. Alichoka na kile kichekesho ambacho mwisho wake msikilizaji anaujua unakuja, anacheka kwa adabu tu, kama makofi ya mkutanoni. Akajiuliza, je nikiwajaza watu hamu halafu nisiwape ule mwisho, si itabidi wenyewe wachague pa kucheka? Na wakichagua wenyewe wanacheka kwelikweli. Nyie maemsii mnaosema "makofi tafadhali" kila sentensi, hapo ndo penu.

Kuna usiku mmoja alitumbuiza wanafunzi wa chuo kikuu cha Vanderbilt, darasani, hakukuwa na mlango wa kutokea nyuma ya jukwaa. Kamaliza, anasema shoo imeisha, hawaondoki. Ikabidi apite katikati yao, wakamfuata nje, akaona bwawa la kuogelea halina maji, akawaambia ingieni humo, wakaingia, akasema sasa nitaogelea juu yenu, akapitishwa mikononi mwao huku anapiga mbizi za hewani. Baada ya shoo alikuwa na tabia ya kuandika nini kimefanya kazi na nini kimekufa. Fanya hilo moja tu, kwenye simu, kabla hujala ubwabwa wa harusi.

SWALI: Kijana, mimi mstaafu nipo Korogwe. Magazeti ya siku hizi mnahangaika na wachekeshaji, watu wazito wameisha? Mtu wa kuchekesha ana la kunifundisha nini?

JIBU: Shikamoo mzee. Nikupe mtu mzito basi, Charlie Chaplin, yule wa kofia na fimbo, nadhani ulimwona sinema za ujanani. Kitabu chake My Autobiography kilitoka 1964. Nusu ya mwisho, nakuonya mzee, ni orodha ya wakubwa aliokula nao chakula, ruka bila huruma. Sehemu ya mwanzo ndo kitabu.

Kazaliwa 1889, London ya kimaskini, baba mlevi, mama mwimbaji anayeumwa, mtoto na kaka yake wanaingia kwenye nyumba ya maskini ya Lambeth. Sasa kuna usiku mama yuko jukwaani pale Aldershot, watazamaji ni wanajeshi, sauti ikamkatika katikati ya wimbo, wakaanza kumzomea. Meneja akamshika mkono huyu mtoto wa miaka mitano akamtoa jukwaani akaimbe badala ya mama. Akaanza, wakafurahi, wakaanza kumrushia sarafu. Wewe umeona taarabu mzee, mwimbaji anatunzwa, anachukua hela kwa madaha huku wimbo unaendelea. Mtoto hana habari hiyo, akasimamisha wimbo, akawatangazia kwamba anaokota hela kwanza ndo ataimba. Ukumbi ukaangua kicheko. Meneja akaja na leso kumsaidia kuokota, mtoto akaona huyu anataka kuniibia, akamfuata nyuma nyuma mpaka ahakikishe hela zimemfikia mama, wakazidi kucheka. Usiku ule ndo wa kwanza kwa Chaplin jukwaani na ndo wa mwisho kwa mama yake. Ameandika hivyo mwenyewe, bila kulialia. Ukitaka cha kujifunza mzee wangu, mi naona kipo hapo, ila hata usipojifunza kitu utakuwa umesoma ukurasa mzuri.

SWALI: Hivi hawa mastaa wanaandika wenyewe kweli au wanaandikiwa?

JIBU: Wote wawili wapo. Kevin Hart cha kwake cha 2017, I Can't Make This Up, kaandika na Neil Strauss na jina lipo juu ya jalada, hakuna siri. Richard Pryor naye, Pryor Convictions cha 1995, alisaidiwa na Todd Gold, alikuwa anaumwa wakati huo. Mi sioni shida, mradi sauti ni yake. Kwa Kevin sauti ipo, kile kisa cha kodi kinatosha, mama yake kaahidi kumlipia nyumba wakati anajaribu uchekeshaji, kila akipiga simu kulia kodi mama anauliza Biblia umesoma? Anamdanganya. Mpaka karibu anafukuzwa nyumba, kafungua Biblia, hundi za kodi zinadondoka, zilikuwa humo muda wote. Ila ushauri wa maisha aliouweka kati ya visa vizuri unachosha, ruka.

Pryor ni moto, si wa kila mtu, kalelewa na bibi yake kwenye danguro kule Peoria, dawa za kulevya, 1980 kajichoma moto. Nimtaje kwa sababu ya Kenya tu, alikwenda 1979, akazunguka akaona weusi wanaendesha kila kitu, akarudi Marekani akaapa hatotumia tena lile neno la kutukania weusi alilojengea jina. Jirani zetu hapo wametajwa vizuri.

SWALI: Mjomba unatupigia debe la Wamarekani na Waingereza, wa kwetu je? King Majuto mbona hatumsomi?

JIBU: Hili ndo limeniuma. Amri Athumani, King Majuto, mtu wa hapa hapa Tanga, kazaliwa 1948, kaigiza tangu mtoto, kafariki Muhimbili Agosti 2018. Katuachia filamu na kicheko, na vile alivyokuwa akipandisha suruali kabla hajasema kitu unaanza kucheka. Kila mtu wa Ngamiani ana kisa chake cha Majuto na vyote viko vichwani mwa watu. Sharo Milionea, mchekeshaji mwenzake, ndo kabisa, ajali ya gari Muheza, Novemba 2012, kijana mdogo.

Na Tanga ndo tulipaswa kuwa wa kwanza. Shaaban Robert wa Vibambani kaandika maisha yake mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, halafu akamwendea Siti binti Saad akiwa hai bado, akamhoji, Siti akafariki 1950, na leo tuna Wasifu wa Siti binti Saad kwa sababu kuna mtu alikwenda kukaa naye. Njia tunaijua basi.

Wapo wazee wa vikundi vya maigizo vya zamani, wako mitaani humu humu, wengine wanauza kahawa. Simu unayo, ina kinasa sauti. Usimuulize siri ya mafanikio yake nini, atakupa hotuba. Muulize shoo ya kwanza walimlipa shilingi ngapi, nani alimzomea, na nguo za jukwaani alikuwa anashonewa na nani. Mwombe ruhusa kabla hujarekodi, nenda asubuhi, mchana wanalala, na ukimaliza niletee, ukurasa huu nakuachia.