Fundi rangi Mbeya: muangalie anavyoukagua ukuta kabla hujamuuliza bei

Dada uliyeuliza kuhusu nyumba ya wazazi pale Uyole, kwamba bati na madirisha mmeshabadilisha na sasa mafundi rangi wawili wamekupa bei, mmoja karibu mara mbili ya mwenzake, na hujui umchukue yupi. Mimi nimekarabati nyumba ya familia mtaa wa Forest hapa hapa Mbeya, baadaye nikasimamia ya shemeji kule Isyesye, naandika nilichokiona mwenyewe.

Bei iache kwanza. Waite wote wawili saiti, kila mtu na muda wake, halafu kaa kimya uone wanaangalia nini. Anayekuuliza "unataka rangi gani" wakati hata ukuta hajaugusa, huyo anakuja kupaka tu. Niliyemchukua Forest aliingia sebuleni, akapitisha kiganja ukutani kikatoka na vumbi jeupe, akanionyesha, akachomoa ufunguo akakwangua kona ya chini ya dirisha plasta ikamwagika yenyewe, akaniuliza choo kiko nyuma ya ukuta gani na maji ya bati yanaenda wapi. Rangi hakuitaja kabisa mpaka amezunguka nyumba nzima. Na ndiye aliyekuwa ghali, nikamchukua.

Maana hela ya fundi rangi iko kwenye maandalizi. Kukwangua, kuosha, kuziba nyufa, kupiga skimingi (ule uji mwembamba wa kulainisha ukuta), msasa, kufuta vumbi, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), ndo rangi yenyewe inafuata, na hiyo kupaka kwenyewe ndo kazi fupi kuliko zote. Wa bei ya chini mara nyingi kakata hapo hapo. Anapitisha rola juu ya ile ya zamani, nyumba inang'aa, unamlipa anaondoka, mvua zikikolea ukuta unaanza kuvimba na kubanduka na simu hapokei. Waombe wote wawili wakuandikie hatua moja moja wanazofanya, utaona ile tofauti ya bei imetoka wapi.

Nyumba nyingi za zamani huku ni tofali za kuchoma na kwenye msingi hakuna nailoni ya kuzuia unyevu, kwahiyo maji yanapanda kutoka ardhini yanabeba chumvi, unakuta unga mweupe na rangi imemenyuka chini kule usawa wa goti. Hakuna rangi inayotibu hicho kitu hata uambiwe ni ya bei gani. Toa udongo ulioegemea ukuta, rekebisha maji ya bati yasimwagike kwenye msingi, bandua plasta iliyooza upigwe mpya, halafu USIHARAKISHE. Plasta ya simenti inataka kama wiki 4 kabla ya rangi na kwa baridi yetu na ukungu inaweza kuzidi. Ukitaka kuhakikisha bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote na tepu, kesho yake kiangalie. Ukikuta matone upande wa ukutani bado haujakauka.

Jikoni ni kesi nyingine. Nyumba iliyopikiwa kuni na mkaa miaka yote hiyo ina masizi na mafuta, ukipaka rangi ya maji juu yake madoa ya njano yanatokeza tena hata upige mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu. Ioshwe na sabuni, ikauke, ipigwe praima ya mafuta kwanza. Na kama milango na fremu zina rangi ya mafuta ya miaka mingi, mwambie fundi alowanishe anapopiga msasa na watoto wasiwepo, rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi na lile vumbi ni sumu.

Muda nao. Mvua zetu ni kuanzia Novemba mpaka huko Aprili, Mei, nje usiguse kipindi hicho. Juni na Julai ni kukavu ila asubuhi baridi kali, na rangi nyingi za maji hazishiki vizuri ikiwa chini ya nyuzi 10, kwahiyo nje aanze jua likishapanda na aache mapema umande usimkute. Mimi napenda Agosti na Septemba. Lakini tafadhali, ndani asiwashe jiko la mkaa na kufunga madirisha ili rangi ikauke haraka, nimeona mafundi wanafanya hivyo halafu wanalala humo humo. Hewa ya sumu ya mkaa inaua mtu usingizini, hilo usimruhusu mtu yeyote.

Rangi nunua mwenyewe, ndoo zifunguliwe mbele yako, maana kuna wanaoongeza maji kupita kiasi ili ndoo nyingine waondoke nayo. Kwa hesabu ya haraka lita 1 inapaka kama mita 10 za mraba mkono mmoja kwenye ukuta laini, ndoo ya lita 20 inafika mita 200 mkono mmoja au 100 mikono miwili, ukuta mkavu wa skimingi unakunywa zaidi. Ya kuchanganywa na mashine nunua yote siku moja na utunze ile namba yake, ukirudi baadaye inaweza isifanane.

Malipo gawa kwa hatua. Advansi ndogo ya kuanzia, nyingine ukuta ukishapigwa msasa na praima na wewe umeukagua mchana wa jua, ya mwisho akishasafisha madoa kwenye vioo na sakafu. Na fundi umeme awe amemaliza kuchimba kuta kabla, hapo wengi wanapaka mara mbili bure.

Tupia picha ya ukuta wa jikoni na ule wa nje chini ya madirisha, nikiona naweza kukuambia kama ni wa kubandua plasta au wa kuosha tu.