Re: Hong Myung-bo alicheza mpira kweli au kapewa timu kwa kujuana?

Mkuu kucheza kacheza, tena sio kidogo. Huyo alikuwa beki wa kati wa Korea Kusini, kacheza Kombe la Dunia mara nne kuanzia 1990 mpaka 2002, na 94 kule Marekani aliwafunga Hispania na Wajerumani, beki huyo! Ile 2002 sasa, robo fainali na Hispania, matuta, Joaquín kakosa, kapteni Hong anaenda kupiga la mwisho, nyavuni, Korea nusu fainali, halafu akapewa tuzo ya mchezaji wa tatu kwa ubora wa mashindano.

Ukocha ndo ulimpandisha na kumshusha. Olimpiki London 2012 kachukua shaba kwa kumpiga Japan 2-0, Kombe la Dunia 2014 kule Brazil akiwa kocha wa Korea akatoka na pointi moja tu, Algeria waliwachapa 4-2, wakarudi Incheon mashabiki wakawarushia pipi pale pale eapoti, kwao ni dharau hiyo.

Kujuana kupo, alishakuwa mmoja wa mabosi pale shirikisho la soka la Korea, na alivyopewa timu ya taifa 2024 mashabiki walichachamaa kweli. Ila klabu ya Ulsan kawapa ubingwa wa ligi ya Korea 2022 na 2023, na walikuwa hawajaugusa tangu 2005.