Kabla Hujapiga Picha ya Bibi, Sikiliza Pande Zote Mbili

Mimi ni mpiga picha wa Uyole, Mbeya, pale ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia inaachana na ile inayoelekea Tukuyu na kuteremka hadi Kyela. Naitaja njia panda hiyo kwa sababu ndiyo ninayosimama kila ninapotaka kwenda kwetu, na kwetu ni kuwili. Mama yangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mtoto wa mzee wa kanisa la Moravian. Baba yangu ni wa Rujewa, katika bonde la Usangu, na babu yake alikuwa mmoja wa Wabaluchi, Waislamu wenye asili ya upande wa Iran na Pakistan, waliolowea bondeni, wakaoa Wasangu na kulima mpunga wa kumwagilia. Nyumbani tulikula pilau Idi na tukala pilau Pasaka, na utotoni sikuona kwamba kuna jambo la kueleza.

Jambo lilijitokeza nilipoamua kutengeneza mfululizo wa picha kuhusu asili yangu hiyo. Siku hizi vijana wenye kamera, na wengine wenye simu tu, huniuliza waanzie wapi wanapotaka kufanya kazi kama hiyo juu ya familia zao, kwa hiyo naona ni haki niwaeleze nilipoanzia mimi, yaani pabaya.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa sura ya bibi mzaa mama, ambayo niliichanganya kwa kompyuta na mnara wa msikiti, nikaweka msalaba upande mmoja wa paji la uso na mwezi upande wa pili. Nilijiona nimefanya kazi ya akili sana, nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya koo zote mbili. Mjomba alipiga simu kabla ya saa mbili usiku. “Mpwa wangu,” aliniuliza kwa upole ulionitisha, “mama yetu umemsilimisha lini?” Baba mkubwa wa Rujewa hakupiga simu, alimwambia baba, na baba akaniambia mimi, kwamba si adabu kuufunika mnara wa msikiti kwa uso wa mtu, awe Mkristo au Mwislamu. Bibi mwenyewe aliuliza jambo moja tu, kwa nini nilichagua picha aliyovaa kitenge cha shambani.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba simu ile na ujumbe ule havikuwa na lalamiko moja. Mjomba alilalamikia dini iliyobandikwa juu ya bibi. Baba mkubwa alilalamikia uso uliowekwa mahali pasipostahili uso. Nilikuwa nimetafuta tofauti ya pande mbili katika msalaba na mwezi, alama ambazo hata mgeni aliyeshuka kwenye basi jana angezifikiria, kumbe tofauti iliyokuwa ndani ya familia yangu hasa ilihusu picha yenyewe: uso wa mtu ni wa kufanyiwa nini baada ya kupigwa?

Kwetu Rungwe uso ni wa kuonyeshwa. Msibani mjukuu hubeba picha ya marehemu iliyotiwa fremu na kutembea nayo mbele ya jeneza, karibu na msalaba wenye jina na tarehe. Baada ya mazishi picha hiyo hutundikwa juu sebuleni, ikiinama kidogo kama inayotazama nani anaingia. Ni kanisa lile lile la Moravian ambalo waumini wake huenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, kuwatangazia ufufuo na waliolala humo. Kwao wafu wana nyuso, na nyuso hizo zina siku yao.

Kwetu Rujewa, baba mkubwa hataki sura ya kiumbe hai itundikwe katika chumba anachoswalia, na kwa kuwa anaweza kuswali chumba chochote, ukuta mzima wa nyumba yake hauna picha. Si kwamba hazipo. Zimo katika sanduku la bati uvunguni mwa kitanda, zimezungushiwa kanzu kuukuu. Ukitaka kumwona babu unaomba, sanduku linavutwa, picha inapita mkono kwa mkono huku watu wakipunguza sauti, kisha inarudishwa. Nilipoitazama desturi hiyo upya kama mpiga picha niliona kwamba ni namna ya maonyesho, tena maonyesho yenye heshima kuliko mengi niliyowahi kuhudhuria.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye asili mchanganyiko ni kwamba, kabla hujanunua lenzi au kubuni alama, uulize kila upande unazifanyia nini picha: zinawekwa wapi, nani anaruhusiwa kuzishika, zinatolewa lini, na ipi haipaswi kupigwa kabisa. Majibu yatakupa kazi ya kutosha. Mimi yalinipa kanuni mbili zinazopingana, na tangu hapo kila picha yangu inajaribu kuzitii zote kwa pamoja.

Aliyenisaidia kuona namna ya kufanya hivyo ni Khadija Saye, mpiga picha aliyezaliwa London mwaka 1992 kwa wazazi wenye asili ya Gambia, baba Mwislamu na mama Mkristo. Katika mfululizo wake uliojulikana zaidi hakumpiga picha bibi wala shehe. Alikaa mwenyewe mbele ya kamera, akiwa na vitu vya kiroho na vya tiba vya kwao: tasbihi, hirizi, chetezo, pembe ya ng’ombe ya kuumikia, kauri. Alitumia njia ya tangu mwaka 1851, ambayo bamba hupakwa dawa, hutumbukizwa katika nitrati ya fedha, na lazima lipigwe na kusafishwa kabla halijakauka, na mara nyingi doa na mkwaruzo huwa sehemu ya picha. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice mwaka 2017, na tarehe 14 Juni mwaka huo huo Khadija na mama yake walifariki katika moto wa jengo la Grenfell Tower, London, uliowaua watu 72. Alikuwa na miaka 24.

Dawa zile sijaziona Mbeya na sishauri mtu azichanganye jikoni, kwa sababu baadhi yake huwaka moto kwa urahisi na nyingine hudhuru macho. Kinachoweza kuigwa ni uamuzi wake wa kujiweka mwenyewe mbele ya kamera. Kama kuna uso utakaosemwa vibaya, uwe wako. Ndugu zako hawajakuomba uwafanye kielelezo cha mchanganyiko wako. Bibi yangu ni Mmoravian mkamilifu, asiye na mchanganyiko wowote, na mwenye maswali ni mimi.

Jambo jingine ninalolisisitiza ni kuachana na tamaa ya kupiga ibada. Rungwe ina mahali kama Lubaga, penye historia ya matambiko ya Lwembe, chifu mtakatifu wa Wanyakyusa wa kale, na ina vichaka vya miti mirefu vilivyoachwa juu ya makaburi ya machifu. Vijana wengi hukimbilia huko na kamera kwa kudhani kwamba kiroho ni kitu kinachojificha msituni. Mimi nimeridhika na vitu vya nyumbani. Nina chungu cha Wakisi kilichonunuliwa soko la Lyulilo, Matema, kilichofinyangwa kwa mkono bila gurudumu na wanawake wa pwani ya Ziwa Nyasa. Nina kitabu cha nyimbo cha babu mzaa mama, na chetezo cha bibi wa Rujewa chenye masizi ya miaka mingi. Nikifukiza ubani chunguni sihitaji kubandika mwezi wala msalaba. Hata jina Kyala, ambalo Mnyakyusa Mkristo humwita Mungu, lilitamkwa mlimani kabla ya wamisionari wa Moravian kufika Rungwe mwaka 1891. Vitu na maneno vimekwisha kuchanganyika vyenyewe bila kutusubiri.

Picha za zamani zinahitaji subira ya namna yake. Usizibandue kwenye kioo zilikogandia. Zilaze karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, zima flashi, kamera itazame chini sambamba kabisa na picha, na upige na mgongo wake pia. Nyuma ya picha ya babu mkuu nilikuta Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nikatetemeka nikidhani nimepata dua au wosia, mpaka baba mkubwa alipovaa miwani na kunisomea: ilikuwa kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akidaiwa magunia manne ya mpunga. Kwa upande wa Rungwe, picha nyingi zilizopigwa na wamisionari zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na sehemu yake inaweza kutazamwa kwenye intaneti kupitia hifadhi ya picha za kimisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Zitazameni, ila kumbukeni kwamba aliyezipiga alikuwa na msomaji wake Ulaya. Mara nyingi maelezo yana jina la mmisionari na hayana jina la Mnyakyusa aliyesimama naye.

Kuhusu mwanga nitakuwa mfupi. Ukungu wa Tukuyu huidanganya kamera: inaona weupe, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama, kwa hiyo ongeza mwanga hatua moja, yaani maradufu. Usangu jua ni kali, kwa hiyo piga kabla ya saa tatu asubuhi, au mwite mtu barazani. Na unyevu wa Rungwe huotesha ukungu ndani ya lenzi, basi vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya usivitupe.

Ruhusa nayo iombwe mara mbili, kabla ya kupiga na kabla ya kuonyesha, kwa maana anayekubali kupigwa picha uani hajakubali kutazamwa na watu elfu. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini kwa kweli ndugu yako hatakushtaki popote. Atakusalimia vizuri msibani na hatakuomba tena upige picha, na hiyo ni adhabu ndefu kuliko faini.

Picha ninayoipenda kuliko zote nilijipiga chumbani mwangu jioni, kamera ikiwa juu ya stendi na shata, kile kilango cha kupitishia mwanga, ikibaki wazi kwa sekunde nane. Mikono yangu imeshika chungu bila kutikisika, moshi wa ubani unapanda, na kichwa nilikigeuza taratibu kutoka upande wa Rungwe hadi upande wa Rujewa, hivyo uso umekuwa wingu. Nilichapisha nakala mbili. Mjomba aliitazama kwa muda, akasema huyo ni mimi, akaitundika sebuleni karibu na babu. Baba mkubwa aliitazama kwa muda huo huo, akasema haina uso, akaizungushia kanzu na kuiweka juu kabisa sandukuni.

Bibi bado anasubiri kupigwa upya. Kitenge amekwisha kukichagua.