Wote wanasema programu ni nzuri, mbona hawaifungui?

SWALI: Assalaam alaikum, kaka. Niko Micheweni, Pemba. Nimetengeneza programu ya simu yenye akili mnemba: mkulima anapiga picha ya mwani, inamwambia kama una ugonjwa. Nimewawekea kinamama 40. Baada ya mwezi, wanaoifungua hawafiki sita, na kila ninayemuuliza ananijibu ni nzuri sana. Niiongezee uwezo au nishushe bei?

JIBU: Waalaikum salaam. Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo. Umekwenda kwao, wamekukaribisha, ukauliza kazi yako ikoje. Kwa adabu zetu ulitaraji wakujibu nini? "Nzuri" hapo ni heshima kwako. Waulize hivi: mara ya mwisho mwani ulipopauka ulifanyaje, na ulimwita nani?

Kisha shuka nao pwani. Kazi kubwa ya mwani hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, na kutoka kufunga mbegu hadi kuvuna ni kama wiki sita. Kuhesabu waliofungua programu kwa siku kutakupotosha. Hesabu kwa bamvua: kati ya waliokuwa na mwani baharini safari hii, wangapi walipiga picha?

Ukiwa huko tazama simu iko wapi. Huenda imebaki nyumbani kwa kuogopewa maji ya chumvi, au ni ya mtoto aliye skuli. Mikono imerowa, jua linapiga kioo, hakuna kinachosomeka. Ukiyakuta hayo, mwache mkulima achukue tawi ndani ya ndoo ya maji ya bahari, alipige picha akifika nyumbani, na jibu alisikie kwa sauti.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 2020 watafiti wa Google Health walieleza yaliyotokea katika kliniki 11 za Thailand, wauguzi walipotumia programu inayokagua picha za macho ya wagonjwa wa kisukari. Kwenye majaribio ilikuwa hodari. Huko kliniki, kati ya picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo, asilimia 21 zilikataliwa kwa kutofikia ubora. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha. Wewe je, yako imekataa picha ngapi za kinamama hao? Anza na hesabu hiyo, tena uwaombe ridhaa kabla ya kuzihifadhi.

Linaloniumiza moyo zaidi ni kosa la mashine. Ikisema mwani mzima, kisha ukakatika wote, mama amepoteza jasho la wiki sita, na kikundi kizima kitapata habari. Mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko ule wa aina ya spinosum, ndio usiostahimili maji ya moto. Ifundishe programu kusema "sina hakika", halafu imwelekeze la kufanya: avune mapema, au ahamishie kamba alizofungia mwani kwenye maji ya kina zaidi.

Kuhusu bei, mkulima hapokei mshahara. Fedha huipata akishauza mwani mkavu. Usimtoze kwa mwezi. Zungumza na ushirika au mnunuzi, maana naye mwani ukifa hana cha kununua.

Bamvua lijalo nenda na watatu walioacha kuitumia na mmoja wa wale sita. Huyo wa mwisho mwombe akuonyeshe anaitumiaje. Pengine ameipatia kazi ambayo wewe hukuifikiria.