Mimba tatu zimetoka: ni jeni za kwetu?

SWALI: Daktari, nina miaka 31, na lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, ninayo tangu nikiwa na 24. Mimba tatu zimetoka: wiki ya 8, ya 9, na ya mwisho wiki ya 14, nilipokuwa nimeshaanza kufuma soksi. Shangazi yangu naye alikuwa na lupasi na hakujaliwa mtoto. Wifi anasema ugumba uko damuni mwetu, nikapime jeni ya MTHFR. Nimerithi kutozaa?

JIBU: Pole sana, dada. Hapana, hukurithi kutozaa. Jeni za kinga, hasa zile za kundi la HLA, humfanya mtu awe mwepesi wa kupata lupasi, basi. Hazing'oi mimba.

Iliyonishtua ni hiyo ya wiki ya 14. Mtoto mwenye maumbile kamili akifia tumboni baada ya wiki ya 10, kwa mwenye lupasi natafuta kwanza kingamwili dhidi ya fosfolipidi, yaani mafuta ya kwenye kuta za seli. Kingamwili hizi hujibandika kwenye kondo la nyuma, huliumiza, na huweza kugandisha damu ya mama. Vipimo ni vitatu. Kimoja huitwa kizuia mgando cha lupasi, jina la kupotosha kweli, maana ndani ya mwili hufanya kinyume. Chochote kati ya vitatu kikitoka chanya, rudia baada ya wiki 12, kwa sababu hata maambukizi ya kupita huamsha kingamwili hizi kwa muda. Zikithibitika, tiba ipo: aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo haivuki kondo kumfikia mtoto.

MTHFR, jeni inayohusika na mwili kutumia vitamini ya foleti, iache. Haibadilishi tiba, ni hela ya bure.

Zile mbili za mwanzo huenda zina kisa kingine. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kosa la kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, lililotokea kwa mimba ile tu. Mara chache mzazi mmoja hubeba vipande vya kromosomu vilivyobadilishana nafasi, naye ni mzima kabisa. Kwa hiyo mumeo naye atoe damu ipimwe kromosomu. Wanaume tunawasahau kwenye habari hizi, na wifi hamtaji kaka yake!

Haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, usiiache. Subiri lupasi itulie walau miezi 6 kabla ya kujaribu tena. Mimba ikiingia kabla ya majibu ya pili, usingoje tarehe ya kliniki: nenda wiki hiyohiyo.